Muzigo iko baharini, deni iko nyumbani

Wanainchi wenzetu, vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia, Uvira, Kalemie na Lubumbashi,

Kila mara bei inapanda sokoni, tunasikiaka neno moja tu: wafanyabiashara ni wezi. Mutu wa taksi-moto anakuta tairi imepanda, anatukana mwenye duka. Mwenye duka anatukana Muchina. Leta inanyamaza, lakini iko inahesabu yake.

Leo tunataka kusema kitu kingine. Wezi wako sokoni, hatukatai. Lakini sehemu kubwa ya ile bei unalipa haiingie mufukoni mwa mwenye duka. Inabakia barabarani. Inaliwa na siku: siku za meli, siku za bandari, siku za mupaka, siku za kungojea saini ya mutu mwenye hakuja kazini. Na vijana wenye wanajaribu kuleta vitu toka inje, wengi hawaangushwe na kukosa faida. Wanaangushwa na kukosa feza mukononi siku muzigo unafika.

Hii ni mambo ya siasa. Haiko mambo ya wafanyabiashara peke yao. Leta yenye inatuambia kila siku "vijana, mujitegemee, muache kungojea kazi ya serikali," njo leta ile ile yenye inaweka mikono kumi juu ya muzigo wa kijana kabla hajauza ata kipande kimoja. Kama tunataka kudai kitu, tuanze kwa kujua hesabu. Mutu mwenye hajue hesabu analia tu, na mwenye kulia hajibiwe.

Njia ya muzigo

Inchi yetu iko na mulango wake mudogo wa bahari, upande wa Atlantiki. Kuko bandari ya Matadi juu ya mto, na kule Banana jiwe la kwanza la bandari ya maji marefu liliwekwa mwezi wa Januari 2022. Ni vizuri. Lakini hakuna barabara yenye lori inaweza kufuata toka Matadi mpaka Butembo ao Bukavu kwa bei ya mutu wa kawaida. Kwa sisi wa mashariki, bahari yetu ni ya watu wengine: Mombasa na Dar es Salaam.

Toka Mombasa, lori inapita Nairobi, Malaba, Kampala. Kisha inachagua: ao inashuka Mpondwe na Kasindi kwenda Beni na Butembo, ao inapita Rwanda kwenda Goma na Bukavu. Mpaka Goma ni karibu kilomita 1.800. Wa Lubumbashi wanajua njia yao: Dar es Salaam, Tunduma, Zambia yote, Kasumbalesa, karibu kilomita 2.000. Wa Kalemie na Uvira wako na reli ya Kigoma na ziwa Tanganyika, siku yenye treni na mashua vinakubali kuonana.

Sasa ona ginsi feza inatoka. Unalipa Muchina. Unalipa meli. Unalipa bandari. Unalipa wakala wa transiti. Unaweka amana ya kontenere. Kuko dhamana yenye inasimama kwa duane ya Kenya na ya Uganda, ili muzigo wenye unapita usiuzwe ndani ya inchi yao. Unalipa lori. Unafika mupakani, unalipa duane yetu, OCC, na wale wengine wote wenye wamesimama pale. Unalipa deklara. Unalipa wapakuzi. Kisha kuko barieri toka mupaka mpaka depo.

Katika ile orodha yote, hakuna mwenye anakuambia "utanilipa ukisha kuuza." Wote wanataka mbele. Mwenye atakulipa wewe, muteja wako, njo mwenye anasema: "Nipe deni, nitaleta mwisho wa mwezi."

Pale njo kuko shida. Feza yako inatoka leo, inarudi kisha miezi ine ao mitano. Katikati ya hizo miezi, uko tajiri kwa karatasi na masikini kwa mufuko.

Saa tatu zinapiga pamoja

Watu wengi wanafikiri bei ya usafiri ni kilomita. Kilomita ni bei yenye unaona. Bei yenye hauone ni siku.

Kontenere haiko yako. Ni ya kampuni ya meli. Wanakupatia siku chache za bure; zikiisha, kila siku inalipwa kwa dola, na mara mingi kadiri siku zinapita bei ya siku moja nayo inapanda. Hiyo ni saa ya kwanza. Bandari nayo inahesabu kodi ya nafasi yenye muzigo unakalia. Hiyo ni saa ya pili. Lori yenye imesimama kwenye foleni haizunguke, mwenye lori hapati safari ingine, kwa hiyo naye anakuhesabia siku. Hiyo ni saa ya tatu.

Saa hizi tatu hazijue kama ni wewe mwenye makosa. Sistemu ya duane ikianguka, zinapiga. Mwenye kutia saini akienda kwenye kilio, zinapiga. Mupaka ukifungwa juu ya vita, zinapiga. Na kontenere mutupu isiporudi Mombasa kwa wakati, ile amana uliweka inaanza kukatwa. Kijana wa Butembo anaweza kuwa amekwisha kuuza nusu ya muzigo, na kule pwani deni yake inakua bado.

Kuko jambo lingine lenye hatulisemeke sana. Lori nyingi zinafika kwetu zimejaa, na zinarudi tupu. Tunanunua kontenere na kontenere za vitu, lakini kahawa na kakao yetu haitoshe kujaza zile lori, na madini yenye inatoka ni ya watu wachache. Kwa hiyo mwenye lori anakupigia hesabu ya kwenda na kurudi. Wewe unafikiri umelipa safari moja, umelipa mbili. Kila mara kiwanda kinakufa kwetu, kila mara shamba linaachwa juu ya bunduki, bei ya tairi inapanda. Haiko uchawi, ni lori tupu.

Tufanye hesabu

Tuchukue mufano. Si mutu wa kweli, ni hesabu tu, lakini wenye kufanya hii kazi watajitambua.

Kijana iko na mutaji wa dola 12.000. Anataka kuleta piesi za pikipiki. Anaagiza za dola 8.000. Kiwanda kinaomba asilimia 30 mbele: 2.400. Kisha siku 25 ya kutengeneza, kinaomba ile asilimia 70 yenye imebakia kabla ya kuachilia karatasi ya meli, ile BL: 5.600. Iko amebakia na 4.000. Meli, bandari na lori mpaka mupakani, anaingia mu grupaje na wenzake, sehemu yake ni 2.200. Amebakia na 1.800. Anajisikia vizuri. Anasema: feza ya duane iko.

Haiko.

Duane yetu haihesabu ile 8.000 tu. Takse inapigwa juu ya bei ya kitu pamoja na usafiri na asiranse mpaka kufika kwetu. Tuache asiranse pembeni: ni 10.200. Tuseme kitu chake kinalipa asilimia 10 ya kuingia: 1.020. Kisha TVA, asilimia 16, ile yenye inchi yetu ilianza kulipisha Januari 2012, na yenyewe inapigwa juu ya ile jumla, 11.220. Ni dola 1.795. Ukijumlisha, anadaiwa 2.815. Mukononi iko na 1.800. Anakosa zaidi ya dola elfu moja, na hatujataja OCC, deklara, depo, wala mukono wowote wenye hauandikwe.

Ona vizuri: huyu kijana hana hasara. Kama muzigo ungefika sokoni leo, angeuza na angepata faida. Lakini muzigo haufike sokoni juu hana dola elfu moja. Anafanya nini? Anaenda kwa banki lambert. Kule, riba inahesabiwa kwa mwezi, hapana kwa mwaka. Ao anauza sehemu ya muzigo kwa tajiri mwenye kungojea pale mupakani, kwa bei ya huruma. Tajiri ule hana akili kupita yeye. Iko na feza siku ile tu.

Sasa ongeza usafiri. Katika hesabu hii, kila dola 100 yenye inaongezeka kwa meli ao kwa lori, leta inaongeza dola 27 na senti 60 yake juu. Hapana juu leta imefanya kazi yoyote ya zaidi. Juu tu safari imekuwa ngumu. Barabara ikiharibika, leta inapata zaidi. Mutuambie: leta kama ile itakuwa na haraka ya kutengeneza barabara?

Na kuko hesabu ya mwaka. Siku 25 za kiwanda, 35 za kupakia na za bahari, 20 za bandari, lori na duane, 45 za kuuza: ni siku 125. Mutaji wake unazunguka karibu mara 3 kwa mwaka. Ongeza siku 40 za kuchelewa, ni 165, unazunguka mara 2 na kidogo. Kama kila muzunguko unamupatia faida ya 1.200, amepoteza sehemu kubwa ya muzunguko mmoja, hakuna mwizi mwenye aliingia kwa duka. Siku njo ziliiba.

Ulimwengu nao unasukuma

Mutu atasema: bei ya meli inapangwa mbali, serikali yetu itafanya nini? Ni kweli kwamba inapangwa mbali. Wakati wa korona, mwaka 2021, bei ya kupeleka kontenere ya futi 40 kwa njia kubwa za dunia ilipita dola 10.000 kwa wastani, wakati mbele yake ilikuwa chini ya dola 2.000. Mwezi wa Machi mwaka ule ule, meli moja, Ever Given, ilikwama mu mfereji wa Suez siku sita, na biashara ya dunia ikasimama nyuma yake. Toka Novemba 2023, Wahuthi wa Yemen walianza kushambulia meli mu Bahari Nyekundu, kampuni kubwa zikazungusha meli chini kabisa ya Afrika, karibu wiki mbili ya zaidi. Vitu vya Uchina vyenye vinakuja Mombasa havipite pale, lakini meli na kontenere ni zile zile. Zikikawia kule, zinakosa huku, na bei inapanda kwa wote.

Tunakubali. Hatuwezi kuzuia roketi ya Yemen. Lakini Mukenya na Muganda nao walipigwa na ile bei. Tofauti ni kwamba wao walipigwa mara moja, sisi tunapigwa tena kila kilomita toka mupaka. Njo maana kitu kile kile, chenye kimetoka kwa kiwanda kile kile, ukivuka tu Mpondwe kuingia Kasindi, bei inabadilika.

Na vita iko inaongeza yake. Bunagana ilianguka tarehe 13 Juni 2022, na tangu siku ile watu wa biashara wa upande ule walibadilisha njia na hesabu. Januari 2025 ilikuwa Goma, Februari Bukavu, na banki zikafunga milango. Mufikiri maana yake kwa mutu mwenye anadaiwa ile asilimia 70 kule Guangzhou. Feza yake iko kwa konti, haiwezi kutoka. Anavuka mupaka na dola ndani ya soksi, ao analipa mutu wa katikati ili atumie feza kwa niaba yake. Kila mukono unakata. Wanahesabu wafu na wakimbizi, na ni lazima wahesabu. Lakini hakuna mwenye anahesabu maduka yenye yalikufa bila risasi.

Wale wane wa sheria

Sasa tuongee juu ya mupaka wetu, juu pale hakuna Muhuthi.

Dekre nambari 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma zenye ziko na ruhusa ya kufanya kazi kwenye mipaka. Ni ine: duane, OCC, DGM na huduma ya afya ya mipaka. Ine! Mutu yeyote mwenye amevuka Kasumbalesa, Kasindi, Ruzizi ao Kavimvira na muzigo, ahesabu kwa vidole vyake ni ofisi ngapi zilimuomba karatasi ao "kitu kidogo." Vidole vya mikono havitoshe.

Dekre ile iko na zaidi ya miaka makumi mbili. Mawaziri wameikumbusha. Magavana wameikumbusha. Kila mara huduma zenye hazina haki zinaondoka wiki moja, kisha zinarudi, zikiwa na njaa zaidi. Kuko pia guichet unique, yenye ilianzishwa ili mutu aweke karatasi zake mahali pamoja. Kwa mashini, ni pamoja. Kwa barabara, bado kila mutu iko na kiti chake na kamba yake.

Hii inaua wadogo kwanza. Kampuni kubwa iko na deklara wake, iko na konti, iko na namba ya simu ya mukubwa. Tena, kampuni yenye imeandikwa kwa TVA inaweza kukata ile ililipa duane kwenye ile inadaiwa mbele. Mudogo mwenye hakuandikwa anaimeza yote, ao anaipakia kwa muteja. Kwa hiyo takse ni moja kwa sheria, lakini uzito haiko mmoja.

Sisi wenyewe tufanye nini

Hatutaki kusema leta, leta, leta, kisha tukalale. Kuko mambo yenye kijana anaweza kufanya kesho asubui.

Ya kwanza: tenga feza ya duane mbele ya kutuma feza ya Muchina. Turudi kwa mufano wetu. Na 12.000 ile ile, angeagiza ya 6.400 badala ya 8.000. Tuseme usafiri ni ule ule 2.200. Takse ni karibu 2.374. Anabakia na dola elfu moja mukononi kwa OCC, deklara na ya kushangaa. Muzigo ni mudogo, ndiyo. Lakini unafika dukani. Muzigo mukubwa wenye umekwama ni mudogo kupita muzigo mudogo wenye unauzwa.

Ya pili: usifurahie bei ya meli yenye iko chini sana. Muuzaji wa kule anaweza kukupatia usafiri wa bei ya chini mpaka bandari, kisha mwenzake wa bandarini anarudisha yote kwa majina mingi kwenye faktire. Uliza kwa maandishi, mbele ya kulipa: nitalipa nini nikifika, kwa nani, siku ngapi za bure, na kila siku ya zaidi ni ngapi? Mwenye anakataa kuandika, umuache.

Ya tatu: karatasi zitembee mbele ya muzigo. Kukaguliwa kufanyike mbele ya kupakia; FERI ya OGEFREM, faktire, orodha ya vitu: yote itengenezwe meli ikiwa bado baharini. Zile siku za bahari ni siku za bure zenye hakuna mwenye anakulipisha. Wengi wanazilala, wanaamuka siku meli imefika, na zile saa tatu zimekwisha kuanza.

Ya ine: grupaje ni nzuri, lakini ujue uko na nani. Kontenere ni moja. Mwenzako akificha kitu, ao karatasi yake ikiwa mbovu, wote munakwama. Muandike: kila mutu analeta nini, nani analipa nini, na nani analipa siku za zaidi kama makosa ni ya mmoja. Tunajua likelemba tangu mama zetu. Likelemba inaendeshwa na kuaminiana, ndiyo, lakini mama mwenye anaishika iko na kaye, na anaandika.

Ya tano: usiuze kwa deni feza yenye haiko yako. Unalipa kwa dola, unauza kwa franga. Kila siku muteja anachelewa, kiwango kinaweza kukugeukia. Omba avansi kwa wenye wanaagiza kitu mbele. Mwenye duka kumi ya rafiki wenye hawalipe, iko sawa na asiye na duka.

Ya sita: kwa lori, usitafute tu mwenye bei ya chini. Uliza: anatumia siku ngapi, ameshapita njia hii mara ngapi, na kama amesimama mupakani nani analipa. Bei ya chini na siku arobaini ni bei ya juu.

Yenye tunadai

Kisha kufanya yetu, tuko na haki ya kuuliza yao. Tunadai:

1. Kila kituo cha mupaka kibandike ukutani, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, jina la huduma zenye ziko na haki na bei ya kila takse. Huduma yenye haiko kwenye orodha iondoke, na irudi ofisini kwake mujini.

2. Hakuna kulipa bila kitansi. Malipo yote yapite kwa banki ao kwa simu, ata yale ya dola tano. Feza yenye inapita mukono kwa mukono njo inazaa ofisi mupya.

3. Wadogo wapewe njia ya kulipa TVA ya kuingia kwa sehemu: kipande mupakani, kipande kisha kuuza, na tarehe yenye kujulikana. Hatuombe kusamehewa takse. Tunaomba takse isilipwe na feza yenye bado haijazaliwa.

4. Duane itangaze kila mwezi muzigo unakaa siku ngapi kwa kila mupaka, toka kuingia mpaka kutoka. Kitu chenye hakihesabiwe hakitengenezwe.

5. Tarehe 16 Juni 2021 waraisi wawili, Tshisekedi na Museveni, walizindua pale mupakani kazi ya barabara: Kasindi–Beni, Beni–Butembo, na Bunagana–Rutshuru–Goma, kilomita 223 kwa jumla. Tunataka hesabu yake mbele ya wanainchi: kilomita ngapi zimekwisha, feza ngapi imetoka, na nani anaulizwa juu ya zenye hazijaanza.

6. Tuliingia mu Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022. Walituambia soko kubwa. Sawa. Soko ile ianze kwa mambo madogo: dhamana moja ya transiti toka pwani mpaka kwetu, na karatasi moja yenye haiulizwe mara tatu.

7. Na wakulima wa kahawa na kakao walindwe, na barabara za shamba zitengenezwe. Lori yenye inarudi imejaa njo dawa ya kweli ya bei ya usafiri.

Tunajua watasema: vijana hawa hawajue mambo ya duane, ni mambo ya wenye kusoma. Ndugu zetu, hesabu tumeifanya hapa juu, kila mutu anaweza kuirudilia kwa simu yake. Kama tumekosea namba, watuoneshe namba yao. Tutafurahi, juu siku ile njo watakuwa wametuonesha namba kwa mara ya kwanza.

Kwa wewe mwenye unasoma: wiki hii, kama unauza kitu cha inje, ao mama yako anauza, kaa naye saa moja. Muandike kwa kaye: tarehe feza ilitoka, tarehe muzigo ulifika, kila mutu mwenye alilipwa na kama alitoa kitansi. Majina ya watu muyaache. Muandike huduma, mupaka, siku na feza. Mulete kwenye kikutano cha mutaa wenu. Karatasi moja ni lalamiko. Karatasi mia moja toka Kasindi mpaka Kasumbalesa ni ushahidi, na ushahidi hauwezi kufukuzwa na moshi wa machozi.

Hatupiganie matajiri wa bahari. Tunapigania kijana mwenye anataka kuishi kwa jasho yake, na mama mwenye ananunua tairi, unga na dawa kwa bei yenye imebeba siku za watu wengine.

Tusiogope, tusinyamaze, tuhesabu.